Maziwa Aliyoyakataa Masunga

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata tone la damu. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi ambaye koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa hadi likawa la kijivu, aliniketisha dirishani mbele ya hadubini na kuniambia nitafute jua. Hadubini zetu hazikutumia umeme. Chini ya kila moja kulikuwa na kioo kidogo cha duara, nawe ulikigeuzageuza mpaka kidake mwanga wa dirishani na kuupandisha kwenye tone la damu unalolipima. Nilihangaika nacho hadi saa nne, shingo ikaniuma.

"Binti, unatafuta nini humo?" aliniuliza.

"Vijidudu vya malaria, mzee."

"Nani amekwambia utafute vijidudu? Nimesema jua. Mtu asiye na mwanga huona anachokitaka, haoni kilichopo."

Nilidhani ni maneno ya wazee ya kumchosha mgeni. Mimi nilikuwa mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Bariadi, nimetoka chuoni na cheti cha msaidizi wa maabara, nikijiona najua kila kitu. Hicho kilikuwa kituo cha afya cha Nassa, kando ya ziwa, na kazi yetu ilikuwa malaria, kichocho na minyoo, kisha tena malaria. Baada ya miaka michache nilihamishiwa hospitali moja ya upande huohuo wa Busega. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyaeleza yana aibu yangu ndani yake, na sioni haki jengo zima kubeba aibu ya mtu mmoja.

Kisha ikaja ruksa, serikali ilipofungulia biashara ya watu binafsi. Ninyi vijana mmekuta maduka yamejaa, hamwezi kuelewa. Kabla ya hapo mafuta ya kupikia yalipangiwa foleni, na mwenye ng'ombe alijivunia samli yake kwa sababu jirani alikuwa anachemsha mchicha kwa maji na chumvi. Ghafla madumu ya mafuta yakapangwa barazani mpaka Kiloleli. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, na kila palipowekwa mizani palizuka jiko la nyama choma. Watu walikula kwa hamu ya miaka yote waliyokosa. Hata mimi nilikula, tena sana, nisijifanye malaika.

Mganga Mkuu wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza maswali. Alikuwa mrefu, mpole, na mdadisi kiasi kwamba wauguzi walimkimbia akishika kitabu, maana angewasomea ukurasa mzima wakiwa wamesimama na beseni mkononi. Siku moja alirudi kutoka Mwanza na kiboksi kidogo alichokinunua katika duka la mtu binafsi, jambo ambalo zamani lisingewezekana. Ndani mlikuwa na vitendanishi, yaani zile dawa tunazochanganya na damu ili zitupe jibu kwa rangi.

"Hivi ni vya kupima lehemu," alisema. "Vinatosha watu arobaini. Usinipotezee hata tone."

"Lehemu ndiyo mafuta ya kwenye damu?"

"Ni jamaa ya mafuta. Wataalamu huita kolesteroli. Usiichukie, Ng'washi. Kila chembe ya mwili wako inaihitaji, na ini lako linaitengeneza lenyewe hata ukila michembe ya viazi vikavu mwaka mzima."

Hilo lilinishangaza. Nilikuwa nimedhani inatoka kwenye sufuria tu. Nilimwuliza kama ni kitu kizuri, kwa nini tukipime? Akavuta kiti. Alinieleza kwamba lehemu haiwezi kutembea yenyewe katika damu, inahitaji kubebwa. Iko mikokoteni inayoitoa kwenye ini kuipeleka mwilini, na iko mingine inayozoa iliyobaki na kuirudisha kwenye ini. Ile ya kupeleka ikizidi, mzigo humwagwa kwenye kuta za mishipa. Mwenyewe hahisi chochote, miaka na miaka. Mshipa unazidi kuwa mwembamba, mpaka siku moja damu inaganda pale penye wembamba. Ikitokea kwenye moyo, mtu anashika kifua na kuanguka. Ikitokea kwenye ubongo, anapooza upande mmoja.

"Na mafuta ya wanyama na siagi huiongeza ile ya kupeleka," alimalizia. "Na sigara huharibu kuta zenyewe."

Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa nimezoea kutafuta kitu kinachoonekana, mdudu mwenye umbo na mkia. Sasa nilikuwa natafuta kitu ambacho mwenye nacho hakijui na mimi sikioni.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unachukua damu, unaiacha igande, unaizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zizame chini na juu yabaki majimaji ya manjano. Hayo majimaji tunayaita siramu. Unayachanganya na kitendanishi, rangi ya waridi inatokea, kisha unatia kwenye kolorimita, mashine ndogo inayopitisha mwanga na kusoma umezuiwa kiasi gani. Rangi ikikolea, lehemu ni nyingi. Ili chakula kisituharibie jibu, mgonjwa tulimwagiza afunge tangu jioni, asitie kitu kinywani mpaka tumpime.

Mtu wa nne kupimwa alikuwa msimamizi wa kinu cha pamba, jitu la tumbo, mcheshi. Siramu yake ilitoka nyeupe, nzito. Sikushtuka. Nilisoma mashine, jibu likawa kubwa mno, nikaliandika kwa mwandiko mzuri. Yule bwana aliogopa vibaya. Wiki hiyo alikataa nyama kwenye harusi ya mpwa wake, wakwe wakadhani amenuna, ikabidi wazee wapelekwe kusuluhisha ugomvi ambao haukuwapo.

Mganga Mkuu alipoiona ile chupa, aliiinua dirishani.

"Ng'washi, hukupima damu. Umepima maziwa."

Alimwita yule bwana na kumwuliza taratibu. Ni kweli, alikuwa hajala. Ila asubuhi kabla hajatoka mkewe alimpa kibuyu cha maziwa na siagi yake yote, akamaliza. Nani aondoke kwake alfajiri bila maziwa? Kwetu Usukumani mama mwenye nyumba ndiye mwenye kibuyu, na kuondoka bila kupokea kutoka mkononi mwake ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Kwa hiyo wagonjwa wetu walifunga ugali, walifunga chai, na maziwa wakanywa. Mafuta ya yale maziwa yalikuwa yameelea kwenye siramu na kuzuia mwanga, na mashine haijui mwanga umezuiwa na nini. Tulimpima upya akiwa amefunga kweli. Alikuwa mzima kuliko mimi.

Niliaibika sana. Na kama mjuavyo, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile kila aliyeingia maabara nilimkazia macho: maziwa umekunywa? Wengi walitazama chini. Nikaanza kujiona hodari wa kunusa maziwa hata mtu akiapa.

Hapo ndipo alipokuja Masunga.

Alitoka kijiji kimoja karibu na Mkula, mkulima mwenye ng'ombe wachache, mwembamba, hajafika miaka arobaini. Alisema kifua kinambana akipalilia pamba na kumwachia akipumzika. Kule zahanati walikuwa wamempa dawa ya vidonda vya tumbo. Mganga Mkuu alimwuliza kuhusu nduguze. Baba yake alianguka ghafla shambani akafa akiwa bado kijana, na kaka yake naye vivyo hivyo. Mganga Mkuu akaandika apimwe lehemu, kisha akasafiri kikazi kwa siku kumi.

"Mwangaluka, mayu," Masunga alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka. Maziwa umekunywa?"

"Sijanywa, mayu. Tangu jana jioni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Siramu yake ilikuwa safi, ya manjano, ungeweza kusoma gazeti kupitia chupa. Niliiona kwa macho yangu mawili. Lakini rangi ya waridi ilipotokea ilikolea kuliko yoyote niliyowahi kuona, na jibu likapita mwisho wa jedwali letu la vipimo. Nikamtazama yule mtu mwembamba. Nikajisemea, huyu naye ametoka kwa mama yake na kibuyu tumboni. Ningepaswa kurudia kipimo palepale. Nilivionea huruma vitendanishi. Nikachukua cheti chake nikaandika: Arudi wiki ijayo bila kunywa maziwa.

Alikisoma, akatabasamu kama mtu aliyezoea kutoaminiwa. "Sawa, mayu," akasema, akaenda zake.

Hakurudi. Siku ya tano alianguka akiwa anapalilia pamba, akafa pale pale.

Sikujua mpaka mama yake alipokuja. Aliitwa Bibi Kabula, mjane, macho yake mekundu kwa miaka ya kupikia samadi ya ng'ombe. Alisimama mlangoni mwa maabara ameshika kile cheti, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Ni mimi, mayu. Masunga hajambo?"

"Tumemzika." Akaninyooshea kile cheti. "Mimi sijui kusoma. Mtoto wa jirani ndiye aliyenisomea. Nimekuja kukuuliza, mwanangu hakuwa amekunywa maziwa. Mimi ndiye mwenye kibuyu. Asubuhi ile alipotoka kuja hapa nilimpa, akakataa. Akasema, mama, hospitali wamekataza. Nilikasirika. Nilimwambia hospitali ndiyo imekuzaa? Walikuwapo watu, wakasikia tunavyobishana."

Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Sasa ukoo wa marehemu mume wangu unasema alikataa kwa sababu alijua," aliendelea. "Kwamba nilimla baba yake, nikamla kaka yake, na yeye alikuwa ameshaona zamu yake imefika, ndiyo maana hakutaka kitu kutoka mkononi mwangu. Jumapili wanakaa kikao. Nimebakiwa na mmoja tu, Maduhu. Wamemhamisha, hali kwangu."

Kwa wasiokuwapo miaka ile, niseme wazi: bibi mjane mwenye macho mekundu na misiba mitatu nyumbani hakuhitaji ushahidi mwingine wa uchawi ili afukuzwe, na waliofukuzwa ndio waliokuwa na bahati. Alilijua hilo kuliko mimi. Hakulia. Alitaka tu kujua kama mtoto wake alisema kweli.

Mganga Mkuu aliporudi nilimweleza yote bila kupunguza. Aliniuliza swali moja.

"Siramu ilikuwaje?"

"Safi."

"Safi, na lehemu imepita jedwali." Alifungua kitabu chake, akatafuta muda mrefu. "Hii si ya maziwa wala ya nyama. Hii ni ya kuzaliwa nayo. Ini linashindwa kuiondoa kwenye damu tangu mtoto akiwa tumboni. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi sawa ya kuichukua au kuikosa. Watu wa namna hii huwa na mishipa minene nyuma ya kifundo cha mguu, yaani zile kano za kisigino, lehemu imejilimbika humo. Uliitazama miguu yake?"

"Sikuitazama. Kama ningempima upya siku ile, angepona?"

Hakunidanganya, nami namshukuru mpaka leo. "Pengine asingepona. Dawa zenyewe hapa hazipo. Lakini angalijua, angalipumzika, na mama yake asingalikuwa katika hatari hii. Nenda Jumapili. Mkono ulioandika ndio ukafute."

Nilikwenda na baiskeli, na sindano na chupa zangu kwenye kikapu. Wanaume kama ishirini walikuwa wameketi kwenye vigoda uani. Aliyeongoza kikao alikuwa Namhala Luhende, yaani Mzee Luhende, baba mkubwa wa marehemu, mwenye ng'ombe wengi. Bibi Kabula aliketi chini peke yake, kibuyu chake kitupu kando. Nikaomba kusema.

"Masunga alikataa maziwa kwa sababu ya amri yetu ya hospitali. Asiyefunga hatumpimi. Mama huyu hakukataliwa na mwanawe. Mwanawe alikuwa anatii. Na alipokuja kwangu akasema hajanywa, mimi sikumwamini. Kosa ni langu."

Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Na baba yake je? Na kaka yake? Nao ulipima wewe?"

Ndipo nikaomba kitu cha ajabu: niwatazame miguu. Walicheka. Wengi walikuwa wamevaa katambuga, zile ndala za tairi, visigino viko wazi. Maduhu alikuwa wa kwanza. Nyuma ya kifundo chake mshipa ulikuwa mnene kama kidole gumba, una vinundu vigumu. Nikauliza kama Masunga alikuwa hivyo.

Namhala Luhende ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. "Huo ndio mguu wetu. Mtoto wa ukoo huu hatuhangaiki kumtafuta baba yake, tunatazama nyuma ya mguu. Ndugu yangu alikuwa nao, wanawe wote walikuwa nao. Mimi ninao." Akanyoosha mguu ili wote waone.

Nadhani hata yeye alisikia alichokisema kabla sijakieleza. Nilieleza hata hivyo, kwa Kisukuma, nikitumia ile mikokoteni ya Mganga Mkuu: kwamba hicho kinachonenepesha mshipa wa mguu ndicho kinachoziba mshipa wa moyo, na kwamba kimeshuka kwa damu ya baba, hakikupita kwenye mkono wa mama. Bibi Kabula alitoka ukoo mwingine. Nikamwomba atuonyeshe miguu yake. Ilikuwa myembamba kama ya kuku.

"Unasema sisi ndio tunaowaua watoto wetu?" Luhende aliniuliza polepole.

"Sisemi mmeua, baba. Hakuna aliyejichagulia damu. Nasema tu kwamba si yeye."

Akashika kifua chake, bila kuumwa, kama anayekumbuka kitu. "Nikipanda kilima hapa hubana," akasema. "Nikikaa huacha." Akamgeukia Bibi Kabula. "Shemeji, nipe maziwa."

Alisema kibuyu ni kitupu. Luhende akatuma yakakamuliwe, na tukasubiri, wanaume ishirini na mimi, mpaka kibuyu kilipojaa. Bibi Kabula akampa kwa mikono miwili. Luhende akanywa mbele ya ukoo mzima, akashusha pumzi, akanywa tena mpaka nusu. Kisha akampitishia Maduhu kilichobaki. Nami, mtu wa lehemu niliyetoka kuhubiri hatari ya mafuta, nilifunga kinywa changu. Ndipo nilipoyaona machozi ya yule mama kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata Luhende na Maduhu walikuja kupimwa. Siramu zao zilikuwa safi kama ya Masunga, na majibu yao yakapita jedwali. Mganga Mkuu alimwachisha Maduhu tumbaku, akamwambia asiinue mizigo mpaka achunguzwe, akamwandikia barua ya hospitali ya rufaa. Kuhusu maziwa tulipata njia. Nilikuwa nimeona tangu utotoni jinsi mama zetu wanavyosukasuka kibuyu mpaka siagi ijitenge, wakaitoa kwa ajili ya samli. Yale yanayobaki karibu hayana mafuta. Bibi Kabula akawa anawapa hayo, na hakuna aliyekosa heshima yake wala maziwa yake. Luhende aliishi miaka kadhaa zaidi. Maduhu alivuka umri wa kaka zake, na baadaye maduka ya dawa yalipoanza kuleta vidonge vya kushusha lehemu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvitumia katika wilaya yetu.

Nilihamishwa Kiloleli, kisha nikamalizia Bariadi kwetu, na siku hizi nimekaa na mashine yangu ya kupukuchua mahindi na maswali yangu. Maabara za sasa zina mashine inayosoma yenyewe. Inatenganisha mikokoteni ya kupeleka na ya kurudisha, inakuandikia jibu kwa chapa. Nazipenda, nawaonea wivu wanaozitumia. Wakinialika kuwasemesha wanafunzi, nawaambia wamwulize mgonjwa kwanza nani kwao alianguka ghafla akiwa kijana, watazame nyuma ya miguu yake, na wasidhani mwembamba ni salama.

Mwezi uliopita Maduhu alikuja kunitembelea, nywele nyeupe kichwa kizima, amemleta binti yake kupimwa hospitali ya Bariadi. Bibi Kabula alifariki zamani, kwa uzee, kitandani kwake. Kabla hajafa alinipa kile cheti kilichofungwa kitambaani. Nilikitoa kabatini nikampa Maduhu akisome, kwa sababu hakuwahi kukiona: Arudi wiki ijayo bila kunywa maziwa. Chini yake, siku ile mama yake aliponipa, nilikuwa nimeongeza mstari mmoja kwa mkono uleule.

Hakunywa. Alisema kweli.